Shukrani Ina Kipimo Chake

Andika mambo matatu ya kushukuru kila usiku kabla ya kulala. Ushauri huu umezagaa kila mahali, na wengi wanaouanza huishia njiani bila hata kukumbuka waliuacha lini. Ukitazama daftari la mtu wa namna hiyo, sababu iko kwenye karatasi yenyewe. Kurasa za mwanzo zina habari: jirani alinipokea mzigo mvua ikinyesha, dada alipiga simu kunijulia hali tu. Zikipita siku kumi hivi, kila ukurasa unasema familia, afya, kazi. Kesho yake tena: afya, kazi, familia. Mkono unaandika, akili imeshalala.

Watu hao hulaumiwa kwa uvivu, lakini ukweli ni kwamba walifundishwa zoezi nusunusu, na nusu iliyoachwa ndiyo yenye kazi.

Mwaka 1968, Abraham Tesser na wenzake wawili nchini Marekani walichunguza nini hasa humfanya mtu aone shukrani anapotendewa jambo. Walipata mambo matatu: nia ya aliyetenda, gharama aliyoingia, na thamani ya tendo hilo kwa aliyetendewa. Kila moja likiongezeka, shukrani nayo huongezeka. Sasa rudi kwenye ule ukurasa wa familia, afya, kazi. Hautaji nani alikusudia nini. Hausemi ilimgharimu nini. Thamani yenyewe imetajwa kwa jumla mno hata ingeweza kuwa ya mtu yeyote. Moyo haupati pa kushika, na mwandishi anaanza kudhani yeye ni mtovu wa shukrani kwa kuzaliwa.

Hoja yangu ni hii: shukrani ni kazi ya macho kabla ya kuwa kazi ya moyo. Anayetaka kuikuza aache kwanza kujisukuma ahisi, ajifunze kuona tendo moja, la mtu mmoja, pamoja na kilichomgharimu. Hisia hufuata, au hazifuati siku hiyo, na si neno.

Kikwazo kikubwa cha kuona ni mazoea. Mwaka 1978 Philip Brickman, Dan Coates na Ronnie Janoff-Bulman walichapisha utafiti uliowahusu watu 22 walioshinda bahati nasibu kubwa katika jimbo la Illinois, wakalinganishwa na wengine 22 ambao hawakushinda chochote. Washindi hawakuonekana kuwa na furaha zaidi kwa namna ya kutajika, na mambo madogo ya kila siku, kama kuzungumza na rafiki au kupata kifungua kinywa, yaliwapa raha kidogo kuliko wenzao. Idadi ya watu ilikuwa ndogo, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti huo uzito usio wake. Lakini unachokionyesha kila mtu anakijua: kitu kikishakuwa cha kawaida hakionekani tena. Maji ya bomba hayana habari mpaka siku yanapokatika. Goti halina habari mpaka liume.

Na akili haigawi macho yake kwa haki. Mwaka 2001 Roy Baumeister na wenzake walikusanya tafiti za nyanja nyingi, kuanzia ndoa hadi kumbukumbu, na hitimisho lao lilikuwa kwamba baya huwa na nguvu kuliko zuri la kiasi hicho hicho. Neno moja la kebehi hubaki kichwani kuliko sifa kadhaa. Hiyo si kasoro ya tabia ya mtu fulani. Ndivyo akili inavyotulinda. Anayeanza zoezi la shukrani anapaswa kujua kwamba anaogelea dhidi ya mkondo, asije akashangaa kwamba mema hayajileti yenyewe mbele ya macho yake.

Kipimo sasa. Utafiti unaotajwa zaidi ni wa Robert Emmons na Michael McCullough, uliochapishwa mwaka 2003. Wanafunzi wa chuo waligawanywa makundi matatu: wa kwanza waliandika hadi mambo matano waliyoyashukuru, wa pili waliandika kero zao, wa tatu waliandika matukio yoyote yaliyowagusa. Waliandika mara moja kwa wiki, kwa wiki kumi. Kundi la shukrani liliyaona maisha yake kwa jicho jema zaidi na kuitazamia wiki inayofuata kwa matumaini zaidi. Lilikuwa pia na malalamiko machache ya kiafya. Katika jaribio jingine la watafiti hao hao watu waliandika kila siku kwa takriban wiki mbili, na hapo pia hali ya moyo iliinuka.

Miaka miwili baadaye, 2005, Sonja Lyubomirsky, Kennon Sheldon na David Schkade walieleza jaribio la wiki sita ambalo linapaswa kubandikwa kwenye jalada la kila daftari la shukrani. Kundi moja lilihesabu neema zake mara moja kwa wiki, jingine mara tatu kwa wiki. Waliofaidika ni wale wa mara moja. Wa mara tatu hawakupata ongezeko la ustawi. Maelezo yenye mantiki zaidi ni yale yale ya mazoea: zoezi linalokusudiwa kuvunja mazoea lenyewe liligeuka mazoea.

Ukiziweka tafiti hizo pamoja unapata utaratibu unaofaa. Kila siku ni sawa kwa muda mfupi, wiki moja au mbili, mtu anapotaka kuyaamsha macho. Baada ya hapo, mara moja kwa wiki inatosha. Chagua siku na saa ambayo una nguvu bado. Dakika kabla ya usingizi ndizo mbaya kuliko zote, ingawa ndizo zinazopendekezwa kila mahali, kwa sababu akili iliyochoka huchukua jibu lililo karibu, na jibu lililo karibu ni familia, afya, kazi.

Kuna utafiti mmoja ambao ndio chimbuko la umaarufu wa mambo matatu. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake waliwaomba watu waandike kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri. Matokeo yalikuwa mazuri hata miezi sita baadaye, hasa kwa walioendelea kwa hiari yao. Wengi walionakili zoezi hilo wameidondosha sehemu ya pili ya maelekezo: kila jambo liandikiwe kwa nini lilitokea. Hapo ndipo penye uhai wote. Swali la kwa nini humlazimisha mwandishi kutoka kwenye jina la kitu kwenda kwa mtu aliyekifanya, uamuzi aliouchukua na kilichomfanya auchukue. Mambo matatu bila sababu zake ni orodha ya vitu ulivyo navyo, na orodha hiyo hata mwizi anayo.

Kwa vitendo, andiko zuri la wiki lina jambo moja au mawili, mistari minne hadi sita kwa kila moja, na huchukua dakika kumi hivi. Linganisha haya mawili. La kwanza: "Nashukuru kwa wafanyakazi wenzangu." La pili: "Jumanne mwenzangu alinishikia zamu kwa saa mbili ili nimpeleke mtoto hospitali. Alikuwa ametoka zamu ya usiku na macho yalikuwa mekundu. Hakuniuliza maswali, alisema nenda. Kama angekataa, ningemwacha mtoto na mtu asiyemjua. Nadhani alikubali kwa sababu naye ana mtoto mdogo na anajua hofu hiyo." Andiko la pili lina tendo, siku, gharama, thamani na nia. Mtu hawezi kuliandika bila kukiona tena chumba kile na uso ule.

Kanuni moja inayosaidia: mtu anaweza kurudiwa, tendo lisirudiwe. Mama anaweza kutokea kila wiki, ila kila wiki kwa jambo jipya alilofanya. Ukikosa jambo jipya la mtu unayeishi naye, tatizo mara nyingi liko kwenye kutazama kuliko kwenye matendo yake. Wiki inayofuata mtazame huyo peke yake.

Makosa mengine hujificha ndani ya sentensi zinazosikika vizuri. Moja ni kushukuru kwa kujilinganisha: "Nashukuru sina shida kama za fulani." Hiyo huleta ahueni, pengine na huruma, pengine na majivuno madogo, na chini yake kuna hofu kwamba zamu ya kupatwa itakuja. Haina mtendaji wala tendo. Zaidi, inamfanya mwenye shida awe kifaa cha faraja yako. Ifute uandike nyingine.

Lingine ni neema zisizo na mtendaji anayeonekana: pumzi, jua, kuamka salama. Mwenye imani ana anwani ya kupeleka shukrani hizo, na dua zake zinapata uzito zikitaja jambo mahususi la siku hiyo badala ya maneno yaliyokaririwa. Asiye na imani atafute mikono iliyomo ndani ya kitu. Afya ina muuguzi aliyechoma chanjo utotoni na aliyechemsha maji ya kunywa. Karibu kila kitu kinachoonekana hakina mwenyewe kina watu nyuma yake, ukikivuta uzi wake kidogo.

Lakini zoezi ninaloliona bora kuliko daftari lolote halihusu kuhesabu. Linahusu kuondoa. Mwaka 2008 Minkyung Koo na wenzake, akiwamo Timothy Wilson na Daniel Gilbert, walionyesha kwamba watu walioandika jinsi jambo jema lingeweza kutotokea kabisa maishani mwao walipata hisia nzuri zaidi kuliko walioandika jinsi lilivyotokea. Katika jaribio mojawapo, walio katika mahusiano waliotafakari jinsi ambavyo wasingekutana na wenzi wao waliridhika zaidi na mahusiano hayo kuliko waliosimulia walivyokutana. Jambo la kuchekesha ni kwamba watu wengine walipoulizwa watabiri, walidhani kinyume: kwamba kusimulia jinsi jambo lilivyotokea ndiko kungewafurahisha zaidi.

Kwa nini kuondoa kunashinda? Kwa sababu kunakirudishia kitu ugeni wake. Kusimulia kwa mara ya mia jinsi ulivyopata kazi hakuongezi kitu, hadithi ilishachakaa. Kuuliza kama yule mtu asingekuambia kuhusu nafasi hiyo, kama basi lingechelewa, kama mwenzio wa kwanza kuitwa asingekataa, kunaufungua mlango uliodhani ni ukuta. Ghafla unaona mambo kama saba yalilazimika kukaa sawa, na katika hayo saba angalau mawili yalikuwa uamuzi wa mtu.

Lifanye hivi. Chagua kitu kimoja kizuri ambacho umekizoea: rafiki, kazi, ujuzi fulani, nyumba. Andika juu ya karatasi mwaka kilipoingia maishani. Chini yake orodhesha kila jambo ambalo lingekizuia kisitokee, dogo na kubwa. Chagua mawili kati ya hayo na uandike siku yako ya leo ingekuwaje bila kitu hicho, kuanzia asubuhi. Robo saa inatosha. Maliza kwa kukitazama chenyewe, au kumpigia mtu huyo simu.

Onyo moja, na hili ni muhimu. Ondoa chanzo, usiondoe mwisho. Kufikiria kwamba usingekutana na mke wako ni jambo moja, kufikiria kwamba atakufa kesho ni jingine kabisa. La kwanza huleta mshangao. La pili, kwa mtu mwenye wasiwasi mwingi, hufungua usiku mzima wa kuhesabu mabaya yanayoweza kuja. Ukijikuta umehama kutoka yaliyopita kwenda yajayo, funga karatasi. Na usifanye zoezi hili zaidi ya mara moja au mbili kwa mwezi, maana likizoeleka linakufa kama daftari.

Hadi hapa yote yamefanyika kichwani na kwenye karatasi. Shukrani isiyofika kwa mwenyewe ni nusu ya kazi, na hapa watu wengi wanakwama kwa aibu. Amit Kumar na Nicholas Epley walilipima jambo hili mwaka 2018: waliwaomba watu waandike barua za shukrani, watabiri mpokeaji atajisikiaje, kisha wapokeaji wakaulizwa wenyewe. Waandishi walikadiria kupita kiasi jinsi mpokeaji angeona haya, na wakapunguza mno jinsi angeshangaa na kufurahi. Walihangaika na ufundi wa maneno. Wapokeaji walichojali ni ukarimu wa moyo uliokuwa ndani ya maneno hayo. Aibu hiyo, kwa maneno mengine, ina makosa ya hesabu.

Barua au ujumbe mzuri una sehemu nne, na hauzidi ukurasa. Taja tendo na wakati wake. Taja kilichomgharimu, kwa kadiri unavyojua. Sema kilibadilisha nini kwako, hata kama ni kidogo. Kisha taja sifa yake iliyoonekana katika tendo hilo. Hii ya nne ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Sara Algoe na wenzake walipochunguza wapenzi wakishukuriana, mwaka 2016, waliona kuwa kumsifu aliyetenda ndiko kulikomgusa msikilizaji, kuliko mshukuriwaji kuelezwa jinsi mshukuru alivyonufaika. "Asante, umenisaidia nikawahi" inahusu safari yangu. "Asante, wewe ni mtu usiyemwacha mtu njiani" inamhusu yeye. Zote mbili zina nafasi, lakini watu wengi husema ya kwanza tu.

Yanayoiharibu asante yanajulikana, ila tunayarudia. Kuifungashia ombi: "Asante sana kwa jana, halafu naomba pia…" Baada ya hapo sehemu ya kwanza inasikika kama kilainishi. Kuimwagia msamaha: "samahani sana nilikusumbua, sistahili," ambako kunamlazimisha aliyekusaidia aanze kukubembeleza. Kuikuza kupita tendo, hadi aliyekuazima mwavuli anaambiwa ameokoa maisha. Na kuipeleka hadharani kwa mtu asiyependa hadhara, ambapo mshukuru ndiye anayepata sifa.

Kuchelewa si kosa kubwa kama watu wanavyodhani. Zoezi jingine la Seligman mwaka ule wa 2005 lilikuwa kumwandikia mtu ambaye hajawahi kushukuriwa ipasavyo na kumpelekea barua mwenyewe. Kati ya mazoezi yaliyojaribiwa, hilo ndilo lililoleta badiliko kubwa kuliko yote mwanzoni, nalo likadumu mwezi mmoja. Kufikia miezi mitatu athari ilikuwa imeisha. Tafsiri yangu ni ya kiutaratibu tu: mtafute mtu mmoja kila robo ya mwaka. Mwalimu wa zamani, aliyekupa kazi ya kwanza, aliyekukopesha wakati hakuna aliyekuamini. Orodha ya watu kumi na wawili ni kazi ya miaka mitatu, na wengine katika orodha hiyo ni wazee, kwa hiyo anza nao.

Vipi nyumbani, ambako mambo hufanywa mamia kwa mamia bila asante? Hapa nina maoni yanayowakera baadhi ya watu: msidai asante kwa kila kikombe cha maji. Mwaka 2018 Simeon Floyd na wenzake walichapisha uchunguzi wa mazungumzo ya kawaida katika lugha nane kutoka mabara matano. Watu waliombana vitu vidogo kila mara, wakapewa mara nyingi, na neno la shukrani lilitamkwa takriban mara 1 katika kila mara 20. Ukimya huo haumaanishi kiburi. Ni dalili kwamba watu wanaishi wakitegemeana na kulichukulia hilo kuwa jambo la uhakika. Nyumba ambayo kila chumvi inayopitishwa mezani inalipiwa asante yenye mkazo inaanza kufanana na mapokezi ya hoteli.

Penye upungufu ni kwenye kazi isiyoonekana: anayejua sabuni inaisha lini, anayekumbuka tarehe ya kliniki, anayezima ugomvi kabla haujawaka. Kazi hizi zikifanyika vizuri hazionekani, zikikosekana ndipo hulaumiwa mtu. Njia ya kuzitoa gizani ni kuuliza mara moja kwa mwezi: fulani akisafiri wiki nzima, nini kingesimama humu ndani siku ya kwanza, ya tatu na ya saba? Siku ya kwanza utaorodhesha yanayoonekana. Ya siku ya saba ndiyo hayo mengine. Taja moja mbele yake, kwa jina lake kamili: "Nimegundua wewe ndiye unayefuatilia ada kila muhula, hakuna aliyewahi kukuomba." Kisha, kama mzigo umeelemea upande mmoja, sehemu yake ihamishwe. Asante inayotolewa ili kazi iendelee kubaki kwa mtu yule yule ina ujanja ndani yake.

Jambo hili linatupeleka kwenye eneo ambalo waandishi wa mada hii hulikwepa: shukrani na deni hufanana kwa sura, ila hazikai pamoja. Philip Watkins na wenzake waliwapa watu mifano ya fadhila mwaka 2006, wakabadilisha kiasi cha malipo ambacho mtoaji alitarajia. Kadiri matarajio yalivyoongezeka, hisia ya kudaiwa ilipanda na shukrani ikashuka. Kila aliyewahi kusimangwa anajua bila kuambiwa na mtafiti. Msaada unaokumbushwa mbele za watu hugeuka mnyororo, na aliyesaidiwa huanza kumkwepa aliyemsaidia. Halafu anaitwa punda wa mateke.

Kwa anayetoa, funzo ni la kihesabu: kila ukumbusho unapunguza kile unachokidai. Kama unataka kurudishiwa, sema tangu mwanzo kwamba ni mkopo, taja kiasi na tarehe, na shukrani itabaki kuwa ya uaminifu wako. Kama ni zawadi, tenda wema nenda zako. Kwa anayepokea, tenganisha mambo mawili kichwani. Unaweza kumshukuru mtu kwa alichofanya mwaka ule na bado ukakataa anachokuomba leo. Fadhila haimpi mtu haki ya kukuamulia unaoa nani, unampigia nani kura au unanyamaza kuhusu nini.

Kazini hali ni hiyo hiyo ikiwa imevaa suti. Adam Grant na Francesca Gino walionyesha mwaka 2010 nguvu ya maneno machache: watu waliomsaidia mwanafunzi kurekebisha barua yake ya kuomba kazi, kisha wakashukuriwa, walikuwa tayari kumsaidia mwanafunzi huyo huyo tena kwa asilimia 66, ilhali wasioshukuriwa walikuwa asilimia 32. Katika ofisi ya kuchangisha fedha kwa simu, meneja alipokwenda kuwashukuru wapigaji, simu walizopiga wiki iliyofuata ziliongezeka kwa zaidi ya nusu. Maelezo yao ni kwamba mtu aliyeshukuriwa hujiona ana thamani kwa wengine. Meneja yeyote anayesoma takwimu hizi ataona njia rahisi ya kuongeza kazi bila kuongeza mshahara, na wengine wameshaiona. Wafanyakazi nao hugundua haraka. Mshahara ni haki, saa za ziada zina bei yake, na "shukuru una kazi" ni kauli ya kumnyamazisha mtu. Shukrani ya kweli kazini humtaja mtu na alichofanya zaidi ya wajibu wake, baada ya wajibu wa mwajiri kutimizwa.

Kwa hiyo mwenye malalamiko halali asiyameze kwa jina la shukrani. Aviunganishe viwili kwa "na": namshukuru msimamizi kwa kunifundisha mashine, na malipo yangu ya mwezi uliopita hayajafika. Ukitumia "lakini," nusu moja huimeza nyingine. Anayepigwa au kutukanwa nyumbani hahitaji daftari la mema ya anayemtesa. Anahitaji mahali salama, na mtu anayemshauri ashukuru anamwongezea madhara.

Upande wa afya ya akili, madai yamepita ushahidi. Mwaka 2016 Don Davis na wenzake walipoyapitia majaribio mengi pamoja, waliona mazoezi ya shukrani yanasaidia kidogo, na hayakuwa bora kuliko mazoezi mengine ya kisaikolojia yaliyolinganishwa nayo. David Cregg na Jennifer Cheavens, mwaka 2021, walipitia tafiti 27 zenye washiriki 3,675 na kukuta athari ndogo kwenye dalili za sonona na wasiwasi. Wao wenyewe walishauri watu wenye dalili hizo watafute tiba zilizothibitika zaidi. Mtu aliyepoteza usingizi, hamu ya kula na sababu ya kuamka kwa wiki mbili aende kwa mtaalamu. Kumpa orodha ya neema kunaweza kumwongezea hatia: nina yote haya na bado silioni jua.

Watoto nao? Kuwalazimisha waseme asante kunafundisha adabu, na adabu ni kitu kizuri. Shukrani inafundishwa kwa maswali. Jeffrey Froh na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2014 kwa watoto wa miaka 8 hadi 11, waliwafundisha darasani kutazama mambo yale yale matatu ya Tesser: aliyekusaidia alikusudia nini, ilimgharimu nini, ilikufaa nini. Watoto hao walipopewa nafasi, waliandika kadi za shukrani nyingi kuliko wenzao. Mzazi hahitaji mtaala. Mtoto akipokea zawadi muulize: unadhani alijuaje kwamba unapenda rangi hii? Umri wa chini ya miaka sita hivi, usitarajie jibu refu.

Kuna anayetaka kupima kama anapiga hatua. Kipo kipimo cha maswali sita cha McCullough, Emmons na Jo-Ann Tsang cha mwaka 2002, ambacho kila jibu ni kati ya 1 na 7, maswali mawili yakihesabiwa kinyume, na jumla ni kati ya 6 na 42. Kinafaa kwa watafiti. Kwa mtu mmoja, alama hupanda na kushuka na usingizi wa jana. Kipimo bora ni daftari lenyewe: soma maandiko ya wiki sita, uhesabu ni mangapi yana jina la mtu, mangapi yana gharama, na mangapi mwenyewe ameshaambiwa. Safu ya tatu ndiyo huwa tupu. Wiki ambayo jina moja limeshatokea mara nne na mwenyewe hajui, usiandike kitu. Tumia zile dakika kumi kumpigia simu.